Taa za kuchomeka kwa wapangaji wa Bukavu: tupendezeshe nyumba bila kutoboa ukuta wa mtu

Mshonaji_Nguba

Wandugu, jambo. Uzi huu ni wetu sisi tunaolipa kodi ya nyumba kila mwezi, tuliopokelewa na mwenye nyumba kwa maneno mawili: leta garanti, na ukuta wangu usiguswe. Kazi yangu ni kushona mapazia, kwa hiyo ninaingia nyumba nyingi hapa Bukavu, na karibu kila mahali naona jambo lile lile. Viti vimechaguliwa vizuri, zulia lipo, pazia limekaa sawa, halafu ikifika jioni vyote vinamezwa na ampuli moja nyeupe inayoning'inia katikati ya dari. Sebule inageuka dispansari. Inaniuma, kwa sababu kubadilisha hali hiyo hakuhitaji patasi wala simenti. Ni taa chache za kuchomeka kwenye prizi, na kujua pa kuziweka.

Tuanze na saa zenyewe. Tuko karibu na ikweta, giza linaingia saa kumi na mbili na kidogo mwaka mzima. Kuanzia hapo hadi kulala ni kama saa nne, na ndizo saa ambazo familia yote iko ndani: mtoto ana daftari, mama anachambua maharagwe ya kesho, papa anasoma simu, mgeni amepita kusalimia. Hakuna hata mmoja kati yao anayekaa katikati ya chumba. Wako kwenye viti kando ya ukuta, kwenye meza ya pembeni, kitandani. Ampuli inamulika sakafu isiyo na mtu, na mtoto anayeandika anajitilia kivuli kwa kichwa chake mwenyewe.

Umbali nao una hesabu yake. Ukiisogeza ampuli hadi nusu ya umbali iliokuwa nao, mwanga unaoangukia meza unakuwa mara nne. Wale wanaopanga vyumba kwenye nyumba za zamani za wakati wa Wabelgiji, zile za dari ndefu, wanalijua tatizo hili hata kama hawajalipigia hesabu: wananunua ampuli kubwa zaidi na zaidi, na bado kwenye meza ni giza. Ishushe taa. Ampuli ndogo iliyo jirani na daftari inaishinda kubwa iliyo darini.

Kwa sebule ya kawaida, ushauri wangu ni taa tatu. Moja ya kusimama, nyuma ya kiti kwenye pembe, mwanga wake ukipiga ukutani na kurudi. Ya pili ya mezani, upande wa pili wa chumba, ili nyuso za watu zisipate kivuli upande mmoja. Ya tatu ni ile ya kuning'inia yenye waya mrefu na plagi, juu ya meza ya kulia. Hii watu wengi wanaining'iniza juu mno. Kati ya meza na ukingo wa chini wa taa acha sentimita 70 hadi 75. Hapo chakula kinaonekana, na mnaonana usoni bila ampuli kuwachoma macho. Ya kitandani, kaa kitandani kama unavyokaa ukisoma, kisha uiweke ili ukingo wa chini wa kifuniko uwe sawa na macho yako.

Rangi ya mwanga: kwenye boksi la ampuli tafuta namba yenye herufi K. 2700 au 3000 ni mwanga wa manjano, wa kupumzika. 4000 ni mweupe wa wastani. 6500 ni ule mweupe wenye ubuluu, ambao umejaa madukani kwetu. Mimi sebuleni na chumbani ninaweka 2700 au 3000, na kwenye cherehani ninaweka 4000. Wanaoshona wanaelewa: chini ya ampuli mbaya, uzi mweusi na uzi wa buluu ya bahari ni kitu kimoja, unakuja kugundua tofauti asubuhi kwenye suruali ya mteja. Kwa kazi ya rangi angalia pia maandishi ya Ra au CRI kwenye boksi, namba inayoonyesha jinsi ampuli inavyotoa rangi za vitu kwa uhalisi. Ikiwa ni 80 inatosha kwa nyumba, kwa kushona tafuta 90 ukiipata.

Waliojaribu walete mawazo. Mafundi wa umeme, nawaita kwa heshima, mtusaidie upande wa waya.

Fundi_Kadutu

Yaya Mshonaji, aksanti. Nimeitwa, nimekuja. Kwenye mapambo nakubaliana na wewe, lakini ninaomba wasomaji wasinunue chochote kabla ya kusoma haya, maana ninafanya kazi Kadutu, ambako nyumba za mbao zimeshikana ukuta kwa ukuta. Moto ukianzia kwa mtu mmoja, avenyu nzima inalala nje.

Jambo la kwanza ni plagi. Prizi zetu nyingi zina matundu mawili ya mviringo na kijiti cha chuma kinachotokeza, hicho ndicho cha waya wa ardhi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Taa zinazoletwa kutoka Kampala zina plagi ya Kiingereza, miguu mitatu bapa. Haiingii. Sasa watu wanafanya nini? Wengine wanakata plagi na kusokomeza nyaya uchi kwenye matundu, wanazibana na kijiti cha kiberiti. Wengine wananunua adapta nyepesi inayocheza ndani ya prizi. Zote mbili ni hatari ile ile: chuma kikigusana na chuma nusu nusu, cheche ndogo zinaruka, joto linapanda, na hakuna anayeona mpaka plastiki ibadilike rangi. Leo mkifika nyumbani angalieni prizi zenu kwa karibu. Ukiona duara la kahawia kuzunguka tundu, au ukichomoa plagi ukasikia miguu yake ina moto, hiyo prizi ibadilishwe kabla ya kufikiria taa ya mapambo.

Dawa yake ni rahisi. Fundi akate ile plagi ya Kampala na afunge plagi ya miguu ya mviringo inayofaa hapa, akaze skrubu vizuri. Kama waya wa taa una nyaya tatu ndani, ule wa kijani na manjano ni wa ardhi, usikatwe ukaachwa, ufungwe kwenye plagi yenye tundu la ardhi.

Hapo panakuja jambo la pili. Nyumba nyingi hazina waya wa ardhi hata kama prizi ina kile kijiti. Kwa hiyo ukichagua taa ya chuma, igeuze utazame chini yake au kwenye karatasi yake: kuna alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa? Maana yake imefunikwa mara mbili ndani, haitegemei waya wa ardhi. Taa ya chuma yenye nyaya mbili tu na isiyo na alama hiyo, iache dukani. Taa za mbao, kitambaa na plastiki zina hatari ndogo zaidi ya kukurusha.

Ralonji, yaani waya wa kurefushia umeme: taa hazina kosa. Ralonji ya ampea 10 kwa umeme wetu wa volti 220 ni wati 2200, na taa nne za LED hazifiki hata 40. Ubaya ni kwamba ralonji ile ile ya taa jioni inachomekewa resho (jiko la umeme) ya wati 1500 au 2000, na pasi juu yake. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.75 unaitosha taa, lakini kwa resho unapika. Na ralonji iliyozungushwa mviringo chini ya zulia inapata joto zaidi, haina pa kulitoa. Ifungue yote, ipitishe kando ya ukuta mahali panapoonekana.

Na kwenye ukuta wa mbao, tafadhali, msipige msumari uliokunjwa juu ya waya. Ninaufungua ukuta ninakuta msumari umeshaingia kwenye plastiki. Kuna vibanio vya plastiki vyenye msumari pembeni, vinauzwa kwa pakiti, tumieni hivyo. Waya ukipita kwenye tundu la bati, weka kipande cha mpira wa bomba, bati ni kisu.

Mwalimu_Bagira

Hoja nzuri sana hizi. Lakini mimi niko kwenye kashpawa, mita ya kulipia umeme kabla, na watoto ni wengi. Taa moja mnanifanya niwe na nne. Si mtanimalizia yuniti?

Mshonaji_Nguba

Mwalimu, tupige hesabu pamoja. Taa nne zenye ampuli za LED za wati 7 ni wati 28. Kwa saa nne kila jioni ni wati-saa 112 kwa siku, na yuniti moja ni wati-saa 1000, kwa hiyo kwa siku 30 ni kama yuniti 3 na nusu, chini kidogo. Ampuli moja ya zamani ya waya, ile ya wati 60, kwa saa hizo hizo inakula yuniti 7.2. Kwa hiyo taa zote nne kwa pamoja hazifiki nusu ya ile moja. Na si lazima ziwake zote. Huo ndio uzuri wenyewe: kila taa ina swichi yake kwenye waya. Mtoto akimaliza kazi ya shule, ya mezani inazimwa. Wageni wakiondoka, ya pembeni inazimwa. Ile ya dari inakulazimisha kuangaza chumba kizima kwa ajili ya mtu mmoja.

Ukitaka kulinganisha ukiwa dukani, usitazame wati peke yake, tazama lumeni, kipimo cha mwanga unaotoka. LED ya wati 9 hutoa kama lumeni 800, ambazo ndizo za ile ya zamani ya 60.

Wa_Panzi

Mnaongea kama watu wenye umeme. Sisi tunaishi jirani na mto Ruzizi, bwawa la kwanza lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, la pili limekuwa likifanya kazi tangu 1989, tunagawana na Rwanda na Burundi, na mtaani kwetu delestaji, yaani mgao wa umeme, ni desturi. Umeme ukirudi, wakati mwingine unarudi hafifu, ampuli inapepesa, wakati mwingine unarudi kwa nguvu na kuunguza vitu. Taa nzuri itanisaidia nini saa mbili usiku kukiwa giza?

Fundi_Kadutu

Papa wa Panzi, swali lako ni la haki kabisa na ndilo kubwa kuliko yote.

Kwa umeme hafifu: soma maandishi madogo kwenye shingo ya ampuli. Zile zilizoandikwa 220–240V peke yake zinapepesa umeme ukishuka. Zile zilizoandikwa 85–265V zinavumilia, zinawaka sawasawa hata kama umeme ni mdogo. Bei yake inapita kidogo, lakini kwa mtaa kama wako usinunue nyingine.

Kwa giza: ampuli za kuchaji, zenye betri ndani, zinaingia kwenye taa yoyote ya kuchomeka ikiwa ni za kuzungusha na taa yako ni ya kuzungusha, ile shingo iliyoandikwa E27. Umeme ukikatika zinaendelea kuwaka kwa saa kadhaa. Lakini kuna siri yake ambayo wauzaji hawaielezi. Ampuli hiyo inajua umeme umekatika kwa sababu inahisi kwamba njia ya waya bado imefunga kupitia vifaa vingine vya nyumba. Ndiyo maana ukiishika chini kwa vidole viwili inawaka mkononi. Kwa hiyo delestaji ikija, usichomoe plagi ya taa na usizime swichi yake, ukifanya hivyo inazimika. Na ikiwa nyumbani hakuna kifaa kingine chochote kilichochomekwa, inaweza kukataa kuwaka. Acha hata chaja moja ya simu kwenye prizi nyingine.

Frigo na televisheni, hizo chomoa umeme ukikatika, urudishe baada ya dakika chache za umeme kutulia. Taa iache.

Dada_Essence

Samahani yaya, mimi nitapinga. Huo mwanga wa manjano mnaousifu, mama yangu hautaki nyumbani kwake. Anasema amekulia kwenye kibatari cha mafuta ya taa na mshumaa, amehangaika miaka yote apate umeme mweupe, leo mimi nimrudishie manjano? Na mgeni akiingia akakuta taa nyeupe inang'aa anajua hapa kuna umeme na pamesafishwa.

Mshonaji_Nguba

Dada, mweleze mama kwamba nimemsikia, na hoja yake ina uzito. Mtu aliyesoma kwa kibatari, macho yakiwasha kwa moshi, ana haki ya kupenda mwanga mweupe, na nyumba ni yake. Sitaki mtu asome uzi huu akamnyang'anye mzazi wake ampuli.

Ninachoomba ni utenganishe vyumba na kazi. Jikoni, mahali pa kuchambua mchele, mezani pa watoto, mweupe wa 4000 ni sahihi na mama atafurahi. Hata ule wa 6500 jikoni sina ugomvi nao. Lakini chumbani pa kulala, saa moja kabla ya kulala, mwanga wenye ubuluu mwingi unauambia mwili bado ni mchana, usingizi unachelewa. Hilo limechunguzwa sana na madaktari wa usingizi. Na kwa sebule kuna jambo la macho tu: ngozi zetu, mbao za mvule, nyekundu na kahawia za vitenge, zote zinapendeza zaidi chini ya 2700 au 3000. Chini ya 6500 zinakuwa na kijivu. Jaribu hivi: shika kitenge kimoja chini ya ampuli mbili tofauti usiku, mwite mama achague mwenyewe. Usimwambie ipi ni ipi.

Kosa moja ambalo naliona sana, hata kwa wanaopenda mweupe: kuchanganya. Taa ya pembe manjano, ya meza buluu, ya dari kitu kingine, zote ndani ya chumba kimoja. Macho hayapumziki. Chumba kimoja, namba moja.

Mwanafunzi_Kadutu

Nyinyi mna sebule. Mimi nina chumba kimoja cha mbao, prizi moja, kitanda na meza. Nifanye nini?

Mshonaji_Nguba

Mdogo wangu, chumba chako ndicho rahisi kuliko vyote. Tafuta taa ya kubana, ile yenye mdomo kama wa kibanio cha nguo, ibane kwenye ukingo wa meza au kichwani pa kitanda. Ukisoma unaielekeza kwenye kitabu, ukipumzika unaigeuzia ukutani na chumba chote kinapata mwanga laini. Taa moja, kazi mbili. Ukuta wa mbao unanyonya mwanga, kwa hiyo ubao wa nyuma ya taa upake rangi nyeupe au ubandike karatasi nyeupe mbali kidogo na ampuli. Utaona tofauti usiku huo huo.

Na ikiwa una prizi moja, msikilize Papa Fundi: taa na simu sawa kwenye ralonji moja. Resho usiichomeke pamoja nazo.

Fundi_Kadutu

Naongeza kwa mwanafunzi: LED tu. Ile ampuli ya zamani ya waya kwenye chumba cha mbao, karibu na chandarua, usiiingize kabisa. Glasi yake inafikia joto la kuunguza kitambaa. Chandarua kikiguswa na LED hakishiki moto kirahisi, lakini bado nataka uache nafasi ya kiganja kizima. Na usiku ukilala, izime.

Mwalimu_Bagira

Vifuniko vya taa je? Vya dukani ni ghali na vyote vinafanana.

Mshonaji_Nguba

Mwalimu, hapa ndipo ninapopapenda. Nenda sokoni Kadutu kwa wauza vitunga. Chagua kitunga cha kina, kilichosukwa kwa nafasi, kiweke juu chini. Fundi akitoboe tundu chini kwa ukubwa wa kishikio cha ampuli, kishikio kina pete mbili za kuzungusha, moja ndani moja nje, zinakibana kitunga katikati. Waya wenye swichi na plagi, na kazi imeisha. Jioni ukiiwasha, misuko inaandika vivuli vyake ukutani, na hakuna duka linalouza kitu hicho.

Ukipenda kitambaa, kitenge peke yake kinakula mwanga mwingi, hasa chenye rangi nzito. Mimi ninashona ndani bitana ya amerikani nyeupe: upande wa ndani unarudisha mwanga chini, upande wa nje unaonekana na maua yake taa ikiwa imezimwa. Fremu ya waya mnene anakutengenezea mchomeleaji yeyote. Acha sehemu ya juu wazi. Joto la LED liko shingoni mwake, na ukiifungia bila hewa, ampuli inakufa kabla ya wakati.

Dada_Essence

Mama amechagua. Amechagua 3000 kwa sebule bila kujua namba, jikoni amekataa katakata. Sasa swali la mwisho: nataka ile ya kitunga juu ya meza. Prizi iko ukutani, meza iko katikati, dari ni ya tripleksi, mbao nyembamba za kubandikwa, na mwenye nyumba ni mkali. Nitaining'inizaje?

Fundi_Kadutu

Usifunge ndoano kwenye tripleksi yenyewe, ni nyembamba, itachomoka na taa itaanguka kwenye sufuria. Gonga dari kwa kidole ukitembea: mahali sauti inapokuwa nzito kuna shevroni, yaani boriti ya mbao, juu yake. Hapo ndoano moja ndogo ya skrubu inatosha, tundu lake ni dogo kuliko la msumari wa picha. Na uzito ubebwe na kamba au mnyororo, waya wa umeme usibebe kitu.

Mshonaji_Nguba

Na zile ndoano za kubandika kwa gundi, dada, zinashika kwenye ukuta wa rangi ya mafuta. Kwenye chokaa zinaondoka na chokaa, na kwenye simenti yenye unyevu wa masika hazimalizi wiki. Kwa hiyo zitumie kupitishia waya kwenye ukuta wa rangi ya mafuta tu, si kubebea taa.

Njia ya waya: kutoka prizi panda wima hadi darini, kisha fuata kona ya dari hadi usawa wa meza, ndipo uende kwenye ndoano. Usikate chumba kwa mshazari. Nunua waya wa kutosha njia hiyo yote, na usiunge katikati. Mwenye nyumba mwambie kabla, mwonyeshe ile ndoano kwenye kiganja. Siku ya kuhama unaifungua, unaziba tundu kwa mastiki na tone la rangi, na kitunga unakibeba.